Baada ya Mita

Bagamoyo ni mji unaoheshimu ukale. Ukitoka Ngome Kongwe kuelekea soko la samaki unapita milango ya nakshi, mabaraza ya mawe, Boma la Wajerumani la mwaka 1897 na kuta za matumbawe zilizokandikwa chokaa. Njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ambayo mwisho wake ulikuwa ufukweni hapa, imo tangu mwaka 2006 katika orodha ya maeneo ambayo Tanzania inayapendekeza kuwa urithi wa dunia. Mtoto wa mji huu anakua akiambiwa kwamba kitu cha zamani hakibomolewi ovyo. Ni malezi mazuri, na bila hayo tusingekuwa na mji wa kuonyesha.

Lakini ndani ya nyumba hizohizo umo ukale wa namna nyingine, ambao hakuna mgeni anayekuja kuupiga picha. Uko jikoni, juu ya mlango wa uani au nyuma ya kabati la vyombo, mahali waya wa nguzo ulipoingilia zamani. Ni ubao wa mbao uliogeuka mweusi kwa moshi na mafuta ya kukaangia samaki. Juu yake pana meni swichi ya chuma yenye mkono wa pembeni, na chini yake fyuzi za kauri, nyeupe zamani, sasa za manjano. Nyaya zinazotoka humo ni nyekundu na nyeusi, ganda la mpira limekauka na kupasukapasuka. Mwenye nyumba anaupita ubao huo kila siku akienda kuchemsha chai, wala haangalii juu.

Nimejiuliza kwa nini hatuuangalii, na jibu ninaloliona liko katika mazungumzo yetu. Sisi watu wa pwani tukizungumza umeme tunazungumza kukosekana kwake. Umekatika. Umerudi. Mgao unaanza lini? Na tuna sababu. Hapa kusini yetu, Ras Kiromoni, ndipo waya wa baharini unapoingia majini kwenda Ras Fumba, Unguja. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Mwaka 2008 njia hiyo ilipopata hitilafu, Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 ikakaa tena kama miezi mitatu. Vyakula vikaoza kwenye friji, pampu za maji zikanyamaza, mahoteli yakaishi kwa jenereta. Mwaka 2013 ukaongezwa waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100. Ndugu zetu wa ng'ambo ya pili hawajasahau, na sisi wa bara tuna kumbukumbu zetu za mgao.

Kwa hiyo bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, huko Rufiji, tulishangilia kwa haki. Megawati 2,115 si jambo dogo, na njia yake kubwa ya kilovoti 400 inafika Chalinze, jirani yetu wa karibu. Mwaka huohuo mita za LUKU nchi nzima zilitakiwa kuhuishwa kabla ya tarehe 24 Novemba. Kila kaya ikaingiza tarakimu za ziada, safu baada ya safu ya namba ishirini ishirini, mpaka mita ikakubali. Nchi ilijenga bwawa, ikavuta nyaya, ikasimamisha nguzo, ikahuisha mita. Kisha ikaishia hapo, kwa sababu ndipo nyaya zake zinapoishia. Kuanzia mita kuingia ndani, umeme ni wako, na hatari yake ni yako.

Niliyaona hayo kwa karibu katika nyumba ya shangazi yangu, kata ya Dunda. Watoto wake walimnunulia presha ya umeme, ile sufuria ya kupikia maharage bila kuyakodolea macho. Ilikuwa zawadi ya wakati wake. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo mwaka 2034. Shangazi, ambaye kifua chake kimebeba moshi wa miaka mingi, aliipokea kwa furaha. Lakini kila alipoiwasha pamoja na birika, jiko zima lilizima.

Fundi aliyeitwa ni kijana mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na jambo la kwanza alilofanya lilinipa imani naye. Hakugusa mita wala lakiri yake. Alitaka kwanza umeme ukatwe na wenye mamlaka ya kuukata, kisha akapima kwa testa, akapima tena, ndipo akapanda ngazi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Ubao huu wa lini?"

"Marahaba, mwanangu. Kauweka marehemu mume wangu mwenyewe, tulipohamia hapa. Haujatusumbua hata siku moja."

Kijana akachomoa fyuzi ya kwanza, akaishusha ili tuione. Kwenye kauri imeandikwa ampea 5. Mahali pa waya mwembamba wa fyuzi palikuwa na nyuzi kadhaa za shaba zilizosokotwa pamoja, zilizotolewa kwenye kipande cha waya wa kawaida. Akachomoa ya pili, nayo vilevile. Alipoulegeza ubao kutoka ukutani, nyuma yake akaanguka mjusi mkavu, mwepesi kama jani, aliyejaribu siku moja kupita kati ya laivu na nyutro. Vichwa vya skrubu vilikuwa na kutu ya kijani, ile inayoota juu ya shaba na shaba nyeupe zinapokaa karibu na bahari. Chini ya skrubu mojawapo mbao ilikuwa imeungua, duara jeusi la ukubwa wa shilingi.

"Haukuwasumbua," alisema taratibu, "kwa sababu mtu aliuziba mdomo."

Nimelitafakari sana neno hilo. Fyuzi ni kifaa kilichowekwa makusudi kife kwanza. Waya wake mwembamba umepimwa ili mzigo ukizidi uyeyuke wenyewe, kabla waya mkubwa uliofichwa ukutani haujapata moto. Fyuzi ya ampea 5 iliwekwa enzi ambazo jiko lilikuwa na taa moja na redio. Baadaye soketi zikavutwa kutoka waya uleule wa taa, moja ya friji, moja ya blenda. Birika la wati 2,000 peke yake linavuta karibu ampea 9. Ongeza presha ya wati 1,000 na umefika 13. Fyuzi ikafanya kazi yake, ikakatika. Ikakatika tena. Mtu akachoka, akasokota nyuzi za shaba ambazo haziyeyuki mpaka umeme ufike makumi ya ampea, na nyumba ikatulia. Tangu siku hiyo kitu cha kufa kwanza kikawa ni waya wa ukutani wenyewe, ule mwembamba ambao mafundi wanauita wa moja na nusu, kwa milimita za mraba. Lile duara jeusi kwenye mbao ndilo lililokuwa likitoa taarifa, na hakuna aliyelisoma, kwa kuwa lilikuwa nyuma ya ubao. Siku ile jiko lilipozima ni kwa sababu skrubu iliyolika ilishindwa kupitisha mzigo. Kutu ndiyo iliyokuwa fyuzi ya mwisho ya nyumba ile.

Wengi wakifika hapa wanasema basi, tununue boksi jipya la breka, kazi imekwisha. Breka ni nzuri kweli. Wazo la breka ndogo ya nyumbani ni la mwaka 1924, la Wajerumani Hugo Stotz na Heinrich Schachtner. Ndani yake mna bapa la metali mbili linalopinda likipata joto la mzigo uliozidi, na sumaku inayovuta papo hapo ukitokea shoti. Haisokotwi nyuzi. Ikianguka unaipandisha kwa kidole. Lakini kijana yule alitueleza jambo ambalo natamani kila mwenye nyumba alisikie, nami nalieleza hapa kwa namna nilivyolielewa.

Fyuzi na breka zote mbili zinalinda waya. Hazimlindi mtu.

Chukua hesabu. Mama amesimama jikoni pekupeku juu ya sakafu ya saruji yenye maji, mikono yake imetoka kuosha samaki. Anashika birika ambalo ndani yake waya umegusa bati. Umeme wa voti 230 unapita mwilini mwake kwenda ardhini, pengine miliampea 200. Kiasi hicho kinatosha kabisa kuuvuruga moyo, maana hata miliampea 50 ni hatari, na kuanzia kama 10 misuli ya mkono inaweza kukaza mtu asiweze kuachia. Sasa itazame breka ya soketi, ya ampea 20. Kwa lugha ya miliampea hizo ni 20,000. Breka inaona 200 zinapita, inahesabu ni mzigo mdogo, chini ya nusu ya ile taa ya zamani ya wati 100, nayo inatulia mahali pake. Haijaharibika. Imetimiza kazi iliyoundiwa.

Kinachomlinda mama yule ni kifaa kingine, ambacho mafundi wetu wanakiita breka ya kuvuja. Hiki hakiulizi umeme ni mwingi kiasi gani. Kinalinganisha umeme uliotoka kwa laivu na uliorudi kwa nyutro. Vikilingana, amani. Umeme ukipungua miliampea 30 tu njiani, kinajua kuna mahali umeme unapita pasipostahili, na pengine mahali hapo ni mwili wa mtu. Kinakata ndani ya theluthi moja ya sekunde, kwa kawaida mapema zaidi. Nilifurahi kusoma kwamba safari ya kifaa hiki inapita Afrika. Katikati ya miaka ya 1950 mhandisi Henri Rubin aliunda mfumo wa kwanza wa aina hii wenye wepesi mkubwa wa kuhisi, huko Afrika Kusini, kwa sababu ya hofu ya umeme katika migodi ya dhahabu. Huko Marekani, Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California alitumia miaka mingi akipima kiasi gani cha umeme binadamu anaweza kukishika na bado akaachia, kisha mwaka 1961 akaunda cha kwake. Msingi wa kazi yote hiyo ni udhaifu wa mwili. Walianza na moyo wa mtu, wakarudi nyuma mpaka kwenye swichi.

Ndipo likaja swali la athi, waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Kijana alipima kila soketi jikoni, akatikisa kichwa.

"Mama, hapa athi hakuna. Tundu la tatu lipo, lakini halina waya nyuma yake."

Tundu lile la tatu, lililoumbwa kwa ajili ya usalama, lilikuwa pambo kwa miaka yote hiyo. Breka ya kuvuja inaweza kumwokoa mtu hata pasipo athi, lakini itakata baada ya yeye kuguswa. Athi ikiwepo, birika bovu linapochomekwa tu umeme unavujia ardhini na kifaa kinakata kabla ya mkono wa mtu kufika. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuponea chupuchupu na kutoguswa kabisa.

Fimbo ya shaba ilipigiliwa uani, karibu na mnazi. Hapa nikaona jambo la kupendeza la ardhi yetu. Chumvi ileile inayokula skrubu na kuozesha vichwa vya nyaya ndiyo inayoufanya udongo wa pwani upokee umeme vizuri, kwa kuwa udongo wenye unyevu na chumvi una ukinzani mdogo. Kwa kijana yule chumvi haikuwa kisingizio cha kazi mbaya. Aliipima, akaitumia inapofaa, akaikinga inapodhuru: boksi jipya la plastiki lenye mfuniko unaoziba, matundu ya nyaya yaliyobanwa ili mjusi na sisimizi wasipate njia, na mahali papya mbali na mvuke wa jiko, kimo cha mkono wa mtu mzima.

Ukuta nao ulikuwa na haki yake. Fundi wa haraka angeleta patasi, akachimba mfereji kwenye matumbawe, akafukia kwa saruji. Kuta hizi zimejengwa kwa chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizizibia saruji, unyevu unakwama, chumvi inasukuma plasta, na baada ya masika mbili tatu ukuta unabambuka. Kijana akapitisha nyaya juu ya ukuta, ndani ya tranki nyeupe zilizonyooka kama rula. Shangazi hakuzipenda mwanzoni. Akaelezwa kwamba tranki inaweza kutolewa kesho bila kuacha kidonda, na akakubali. Waya wa sita ukaenda kwenye jiko, wa mbili na nusu kwenye soketi, wa moja na nusu ukabaki kwenye taa, kila mmoja na breka yake.

Walipoirudisha nyumba kwenye umeme, breka mpya ya kuvuja ilikata. Ikapandishwa, ikakata. Hapa ndipo mafundi wengi, wakisukumwa na mwenye nyumba mwenye njaa na giza linaloingia, wanakiruka kifaa hicho na kuunga moja kwa moja. Kijana akaomba subira. Akafuata nyutro moja moja mpaka akakuta ya taa ya ukumbi imeazimwa tangu zamani kutoka soketi ya jikoni, hivyo umeme ulitokea mlango mmoja na kurudia mwingine. Akaitenganisha. Kifaa kikatulia. Shangazi akatia maharage kwenye presha na maji kwenye birika, vyote kwa pamoja, na taa haikupepesa.

Hapa ndipo lilipo wazo ninalotaka kulisema kwa uwazi. Pwani tuna kauli ya kumfariji aliyefiwa: ajali haina kinga. Ni kauli ya huruma, na msibani mahali pake ni hapo. Lakini tumeitoa msibani tukaileta kwenye mambo ya nyumba, ikawa ruhusa ya kutofanya kitu. Anayekufa kwa kuanguka mnazi, sawa. Anayekufa kwa birika jikoni kwake, katika mji wenye maduka ya vifaa vya umeme, ajali yake ilikuwa na kinga, tena kinga iliyokaa rafuni kwa bei isiyofikia simu janja ya kawaida. Kilichokosekana ni mtu wa kuiona haja yake.

Na tuulize ni nani anayesimama mbele ya ubao ule. Anayeosha vyombo, anayekuna nazi, anayechomeka na kuchomoa huku mikono imelowa, ni mama, shangazi, binti, msichana wa kazi. Anayeamua fedha za ukarabati zinakwenda wapi mara nyingi ni mwingine, naye anakaa sebuleni. Sebule inapakwa rangi kwa ajili ya Idi, inawekewa runinga mpya, dari la jipsamu na taa za mapambo. Jiko linaambiwa lisubiri. Ubao mbovu umedumu muda mrefu hivyo kwa sababu hatari yake inamwangukia asiyeshika mfuko. Tunapowahimiza wanawake wapike kwa umeme, jambo ambalo naliunga mkono kwa moyo wote kwa ajili ya mapafu yao na misitu ya mikoko yetu, tunawaletea mzigo mkubwa zaidi juu ya nyaya zilezile. Nishati haijawa safi kama inaweza kumuua mpishi. Mkakati wa kitaifa una haki ya kuhesabu majiko. Familia ina wajibu wa kutazama ukuta jiko lilipochomekwa.

Kuhusu ukale, nimefikia uamuzi wangu. Mlango wa nakshi ukizeeka unampa mtu heshima ya waliomtangulia, na akiugusa haumdhuru. Huo tuutunze, tuupake mafuta, tuugombee. Ubao wa fyuzi hauna heshima hiyo. Kazi yake ilikuwa kulinda, na siku uliposhindwa kulinda ulikwisha, hata kama aliyeuweka tulimpenda. Shangazi aliiuza meni swichi ya marehemu mumewe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Alisema dua inamfikia zaidi marehemu kuliko chuma. Sijui jibu bora kuliko hilo.

Basi nakuomba wewe unayesoma, uwe Bagamoyo, Kaole, Mbweni, Bunju au popote kwenye hewa ya chumvi: ingia jikoni leo, uangalie juu. Ukiona kauri, ukiona mbao, ukiona waya wenye ganda linalopukutika, usiguse, mwite fundi mwenye leseni, na umuulize mambo matatu kabla hamjazungumza bei. Athi ya nyumba hii iko wapi? Breka ya kuvuja ya miliampea 30 ipo? Waya wa kila breka ni wa ukubwa gani? Asiyeweza kukujibu, mlipe nauli, umwage. Na ukishakuwa na kifaa hicho, kina kitufe kidogo chenye herufi T. Kila mwezi unapoandama, kibonyeze. Kikikata, jiko lako lina mlinzi. Kisipokata, usipike kwa umeme mpaka kibadilishwe.